Kroshe Katika Msururu wa Sakania

Ninaendesha lori la mizigo kati ya Lubumbashi na mpaka wa Zambia. Ninapakia magunia ya madini nje ya mji, ninafunga turubai, ninashika barabara ya Sakania, na nikifika karibu na mpaka ninajipanga nyuma ya malori mengine. Kuendesha kwenyewe huchukua siku moja kama barabara haijaharibika sana. Siku zinazobaki ni za kungoja. Nimewahi kukaa siku sita nikasogea urefu wa malori mawili tu.

Mtu asiyeijua kazi hii atasema basi dereva anapumzika. Hapumziki. Msururu unaweza kusogea wakati wowote, na usiposogea nao papo hapo mwingine anaingiza pua ya lori lake mbele yako, halafu ni ugomvi. Kwa hiyo unalala jicho moja wazi, umekunja miguu juu ya kiti, na vumbi jekundu linaingia hata ukifunga vioo. Ukiamka mgongo unauma mahali palepale ulipouma jana. Hiyo ndiyo imekuwa kazi yangu tangu nilipooa, na baba yangu kabla yangu alikuwa mtu wa reli, naye alikuwa akirudi nyumbani na uchovu uleule, anakaa kwenye kiti chake bila kuvua viatu.

Mwaka nilipojifunza kufuma nilikuwa na miaka hamsini na miwili. Miezi michache kabla ya hapo breki zilinikatikia kwenye mteremko. Mbele yangu kulikuwa na wanawake wawili wenye baiskeli zilizobeba magunia ya makala, yaani makaa, wanasukuma taratibu katikati ya barabara. Nilipiga honi, nikakata usukani, lori likaingia porini likavunja miti midogo mpaka likasimama. Hakuna aliyeumia. Wale wanawake walisimama wakanitazama, kisha wakaendelea kusukuma. Mimi nilibaki kwenye kabini nimeshika usukani, na nilipouachia niliona mikono inatetemeka.

Haikuacha. Nikiwa ninaendesha ilitulia, lakini nikikaa bure ilianza. Nesi wa zahanati ya mtaa wetu alinipa vidonge akaniambia nipumzike. Vidonge nilivimeza. Tajiri wangu sikumwambia, maana dereva mwenye mikono ya kutetemeka hapewi lori. Mke wangu naye sikumwambia. Nyumbani nilijifunza kuweka mikono katikati ya mapaja, au kushika kitu kizito.

Mahali ambapo msururu wa Sakania hukaa sana kulikuwa na mama mmoja aliyeuza chai na vitumbua. Alinizidi umri kidogo. Alikuwa na benchi moja, mbabula, lile jiko la makala, na karatasi ya plastiki aliyoitandaza juu ya miti minne kuzuia jua. Kati ya mteja na mteja alikuwa anafuma koti la mtoto kwa kroshe, sindano yenye ndoano nchani, bila hata kuangalia anachofanya. Anaongea na watu, anageuza vitumbua, anarudia uzi wake.

Siku ya kwanza aliona chai yangu inamwagika, akaendelea kugeuza vitumbua. Siku ya pili alinitilia nusu kikombe, nilipomaliza akaongeza nusu nyingine. Siku ya tatu madereva wengine walipoondoka aliniuliza.

"Papa, hii mikono iko inakusumbua tangu lini?"

"Mikono gani?"

"Hii yako. Chai yote iko kwenye suruali."

Nilitazama suruali. "Tangu mwezi wa tano," nikamjibu. Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa, mbali na nesi.

Hakuniuliza sababu. Aliingiza mkono kwenye mfuko wake akatoa kroshe ya pili, ya chuma, kichwa chake kimechakaa, na kidonge cha sufu ya bluu kisichozidi yai la kuku. Akanisogezea.

"Shika."

"Mama, hii ni kazi ya banamuke."

"Weye leo uko na kazi ingine?"

Nilitazama barabarani. Malori yalikuwa yamesimama mpaka kwenye kona, injini zote zimezimwa, wenye malori wamelala chini ya matrela. Nikashika.

Alinionyesha namna ya kutengeneza kitanzi, kupitisha kroshe, kunasa uzi na kuuvuta. Nilifanya kama ninavyofunga mzigo.

"Unakaza sana," akasema. "Regeza. Haiko kamba ya turubai."

Alichukua mnyororo wangu wa vitanzi akavuta uzi, wote ukafumuka mara moja, akanirudishia. Alifanya hivyo mara nne asubuhi ile, bila hasira na bila kucheka. Jua lilipofika utosini nilikuwa na mnyororo wenye urefu wa kiganja, uliopinda, na kidole cha shahada kilikuwa chekundu. Akanipa chai. Safari hii alijaza kikombe mpaka juu, na ndipo nilipogundua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimeifikiria mikono yangu.

Sitasema nilipona. Nikiweka kroshe chini, baada ya muda mikono ilianza tena. Lakini ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi kukaa mahali bila kuuona ule mteremko.

Kesho yake msururu mzima ulikuwa na habari. Kulikuwa na dereva mmoja, jirani yangu kwenye parkingi ya Lubumbashi, mtu wa sauti kubwa. Alipita kwenye malori akisema kwamba kuna mama mpya amezaliwa Sakania, ana ndevu. Wakaanza kuniita Mama Kroshe. Mmoja aliniletea soksi iliyotoboka. Nilimtupia dirishani akaenda anacheka. Siku mbili sikushika uzi, nilikaa tu na mikono yangu. Siku ya tatu nilivuta pazia la kabini nikafumia ndani, joto likinitoa jasho, kama mtu anayeficha chupa.

Nilipenda kuhesabu. Vitanzi ishirini, geuza, ishirini tena. Ukiwaza jambo lingine unakosea hesabu, na ukikosea unaona safu inapungua upande, unafumua, unaanza upya. Mwili wangu ulikuwa umechoka vilevile, mgongo ulikuwa uleule, lakini kichwani palikuwa na ukimya niliokuwa nimeusahau. Nyumbani nilikuwa nalala muda wa saa kumi naamka nimechoka. Kwenye kabini, nikifuma kwa muda wa saa moja, nilijisikia kama mtu aliyenawa uso.

Yule mama aliniuzia sufu ya waridi iliyombakia, na kwa sufu ile nilifuma kofia ya mtoto. Sikuwa na mtoto yeyote akilini. Nilichagua kofia kwa sababu ni kitu kidogo, kinakwisha. Niliimaliza siku tulipovuka mpaka, nikaitia chini ya mfuko wa nguo pamoja na kroshe, nikasahau.

Tunakaa Lubumbashi, kwenye mtaa uitwao komini ya Kenya, nyuma ya soko, kwenye uwanja tunaogawana na familia nyingine mbili. Nilifika nyumbani alfajiri, nikalala mpaka mchana. Nilipotoka nje nilimkuta mke wangu amekaa kwenye ngazi ya mlango. Beseni la nguo lilikuwa mbele yake, maji yamepoa, hajafua kitu. Kofia ya waridi ilikuwa juu ya goti lake.

"Uko na mutoto Sakania?" akaniuliza. Alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu ya majirani.

"Mutoto gani?"

"Papa, usinichekeshe. Miye sasa niko bibi ya mutu mwenye iko na nyumba mbili?"

"Hakuna nyumba mbili. Hiyo kofia ni miye nilifuma."

Nilitamani ningekuwa na uongo mzuri wa kumwambia, kwa maana ukweli ulisikika vibaya kuliko uongo wowote.

"Weye," akasema. "Miaka makumi tatu tuko pamoja, hata kifungo moja haujawahi kushona."

"Kroshe iko mule ndani ya mufuko. Lete, nikuonyeshe."

Aliingia akaileta, pamoja na uzi kidogo uliobaki. Nikakaa kwenye kigoda. Nilifunga kitanzi cha kwanza, na hapo mikono ikaanza. Haikuwahi kutetemeka vile hata siku ya mteremko. Kroshe ilikuwa inapiga hewa, haiingii. Nilijaribu tena nikashindwa. Nilisubiri aseme kwamba ndiyo, nimekuwa nikimdanganya, lakini alikuwa haangalii uzi tena.

"Mikono iko na nini?"

Nikainama nikaanza kitanzi upya.

"Nakuuliza, papa. Mikono iko na nini?"

Basi nikamweleza. Nilimweleza mteremko, breki, wale wanawake wa makala, namna mmoja wao alivyogeuza kichwa akaniona ninakuja. Nilimweleza nesi na vidonge, na jinsi ninavyokaa hapa nyumbani nimeficha mikono kati ya mapaja. Nilikuwa ninatazama chini wakati wote. Nilipomaliza niliona kwamba nimefuma safu nzima bila kujua, na nusu ya safu ya pili.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Sikupenda weye nawe ukose usingizi."

"Usingizi gani? Kila saa barabara inasemwa kwenye redio, miye nakaa hapa nasikiliza kama watasema rangi ya lori yako." Alijifuta uso kwa kitenge. Kisha akaichukua ile kofia, akaigeuza ndani nje, akaiinua kwenye mwanga. "Hapa uliruka kitanzi," akasema.

Sikujua kwamba anaijua kazi ya kroshe. Alikuwa amejifunza kwa masista akiwa msichana, hakuipenda, akaacha. Aliweka kofia dirishani akaanza kufua. Hatukuongea tena juu yake mpaka tulipokuwa tunakula bukari, ugali wetu wa jioni, ndipo akauliza kofia hiyo tutampa nani.

Jibu lilikuja lenyewe. Yule dereva wa sauti kubwa alipata mjukuu, na safari iliyofuata alikuja kwenye dirisha la lori langu, akawa anatazama matairi. "Mukubwa," akasema, "nasikia uko na kofia." Nikampa. Hakuniita tena Mama Kroshe, angalau si mbele yangu.

Baada ya hapo nilianza kitu kikubwa zaidi, shali ya kijivu, kwa ajili ya yule mama wa chai. Nilitaka aone kwamba nimejifunza kuregeza mkono. Ilinichukua safari nne. Msimu wa mvua ulipita katikati, barabara ikawa matope, tukakaa mwezi mzima bila kwenda Sakania. Niliporudi benchi lilikuwa palepale, na plastiki ileile, lakini aliyegeuza vitumbua alikuwa mwanamke mwingine, kijana.

"Mama wa hapa iko wapi?" nikamuuliza.

"Alienda kukala kwa mutoto wake, ngambo ya Zambia. Magulu ilimuchokea, hawezi tena kusimama."

"Atarudi?"

"Hapana sijui, papa. Aliniachia benchi."

Hakuacha namba, na mimi kwa miezi yote ile sikuwahi kumuuliza anakaa wapi wala ana watoto wangapi. Nilikunywa chai, nikarudi kwenye kabini. Siku mbili shali ilikaa kwenye kiti cha pili. Sikushika uzi safari ile yote, na nilirudi Lubumbashi nimechoka kuliko kawaida.

Mke wangu ndiye anayeivaa ile shali sasa. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi za baridi, anaivaa misani. Jumapili ya kwanza wanawake wa parokia walimzunguka nje ya kanisa wakiishikashika, wakauliza kaifumisha kwa nani.

"Ni bwana yangu," akasema.

Walicheka. Yeye hakucheka, akaninyooshea kidole pale nilipokuwa nimesimama na wanaume, na kicheko kikaisha taratibu. Nilitamani niende nyumbani. Mama mmoja mzee, kiongozi wa wale wanaofua vitambaa vya altare, alikuja mpaka mbele yangu ameshika ncha ya shali, mke wangu akimfuata kwa lazima.

"Pembe ya huku iko inavuta," akaniambia. "Ulikaza."

"Njo vile, mama, nilikaza. Nitaifumua."

"Usifumue. Ingine utafanya muzuri."

Mikono bado inatetemeka siku nyingine, hasa nikikosa usingizi. Mgongo umezidi. Nimemwambia tajiri kwamba nabakiza miaka miwili, mitatu ikiwezekana, na yeye amenijibu kwamba wote wanasema hivyo.

Jumanne iliyopita nilikuwa Sakania tena. Msururu ulianzia mbali kabisa, kabla hata ya benchi la chai. Nilizima injini, nikavua viatu, nikatoa uzi wa kijani ambao mke wangu aliuchagua mwenyewe sokoni. Anataka kitambaa cha kufunikia redio. Nilifungua pazia ili nipate mwanga. Mchana tulisogea mara moja, urefu wa lori moja, na mpaka jua linashuka nilikuwa nimemaliza safu saba.