Mashine ya Kukatia Matumbawe

Mwaka wa pili tangu mume wangu apooze upande wa kulia, matumbawe yake yalianza kuuana.

Tangi lao la maji ya bahari lilikuwa sebuleni kwetu Nguvumali, refu kama kitanda cha mtu mmoja. Lilitoka kwenye hoteli moja ya pwani ambako yeye ndiye aliyekuwa akilihudumia. Hoteli ilipofungwa, mwenye hoteli akamkabidhi tangi na karatasi zake za kibali, akamwambia achukue tu, kuliko vyote vilivyomo vife. Kabla hajaugua, matumbawe yakikua aliyakata mwenyewe, akavigandisha vipande kwa gundi juu ya visahani vya saruji, navyo vikaota upya. Mimi kazi yangu ilikuwa kulalamikia umeme na maji ya chumvi kwenye zulia.

Alipopooza, yote yakawa yangu. Kumwogesha, kumvisha, kumpeleka mazoezi, kufundisha hesabu kidato cha pili, kisha nirudi nyumbani nipime chumvi ya maji. Niliyahudumia matumbawe yale kama mtu anayefua nguo za wageni.

"Lile la ubongo limemfikia mwenzake," aliniambia asubuhi moja. Maneno yake bado yalitoka kwa shida. Lile la ubongo ni tumbawe la mviringo lenye mikunjo, na tumbawe likimgusa jirani humchoma. Niliinama nikaona jirani yake amekuwa mweupe upande mmoja.

"Sasa nilikate na nini? Koleo?"

"Koleo litalipasua ovyo. Linataka mashine."

Mashine alikuwa nayo, msumeno mdogo wa umeme wenye mkanda. Nikauendea stoo. Ulikuwa umeliwa na kutu hadi gurudumu halizunguki, maana siku aliyoanguka alikuwa ametoka kuutumia, na hakuna aliyekumbuka kuuosha ile chumvi. Sikumwambia kwa maneno. Niliubeba nikamwekea miguuni, akautazama, akageuza uso.

Jumatatu nikitoka shule nikapitia duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji hakuniuliza nakata nini. "Mama, chukua grenda. Hii inakata mpaka nondo." Nikaichukua, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kusimama.

Mume wangu alisisitiza nijaribu kwanza kwenye tumbawe lililokufa. Nikalibana na matofali uani, nikawasha. Vumbi jeupe likanijaa nywele, na harufu ikawa ya mfupa unaoungua. Nilipozima, akanyoosha mkono wake mzima, akaligusa pale lilipokatika.

"La moto. Lingekuwa hai, ungekuwa umelipika."

"Si nimwagie maji?"

"Kwenye hiyo? Itakupiga shoti, nibaki na nani?"

Nikaingia ndani nikakaa kitandani na vumbi langu. Kesho yake jirani yetu anayetengeneza kucha aliniazima kidrili chake cha kusugulia kucha. Kile hakikuunguza wala hakikupasua, ila baada ya robo saa kilikuwa kimechimba mfereji usiozidi kina cha ukucha. Kwa vijitawi vyembamba kingefaa. Kwa lile bonge la ubongo ningekaa hapo mpaka nistaafu.

Kilichonisaidia ni choo cha walimu. Alikuja fundi wa marumaru kutoka Pongwe kukiwekea vigae, na wakati wa mapumziko nikamwona anakata vigae kwa mashine ya mezani, kisu kinazunguka huku chini yake kuna sinia la maji. Hakuna vumbi, hakuna harufu. Nikasimama pale na chai yangu mpaka ikapoa.

"Fundi, hiyo inaweza kukata tumbawe?"

"La kujengea?"

"La kufuga. Liko hai."

Akanitazama kuona kama namtania. Kisha akazima mashine akanionyesha kisu. "Hiki hakina meno, mwalimu. Ni unga wa almasi, kinasaga. Usikisukume, kiache kisage chenyewe. Na ukimaliza ukioshe kwa maji baridi, ukipake mafuta, chumvi isije ikaniharibia." Akaniazima kwa Jumamosi na Jumapili.

Jumamosi asubuhi nikamtoa mume wangu uani kwenye kiti. Nikalijaza sinia maji ya tangini, nikachomeka waya mbali na mahali penye maji, nikavaa miwani, glavu na barakoa, kwa sababu ute wa matumbawe ukikurukia jichoni unaweza kukulaza hospitali. Nikalishika lile la ubongo kwa mikono miwili. Lilikuwa zito, na lilikuwa linatoa ute kama pua ya mtoto.

"Fuata bonde la mkunjo," alisema. "Polepole. Polepole, mke wangu."

Lilikatika kama sabuni. Nikakata vipande vitano, nikavisuuza, nikavitia dawa ya vidonda, nikavigandisha kwenye visahani. Mgongo ulikuwa unaniuma kiasi kwamba nilimaliza nimepiga magoti.

Tumbawe jirani lililochomwa lilikufa. Kati ya vile vitano viwili vilioza, vitatu baada ya wiki chache vikaanza kuvimba midomo, dalili kwamba vimeshika. Mume wangu akachangamka kuliko nilivyomwona tangu augue.

"Sasa lile la nyuma," akasema. "Tuazime tena."

"Hapana."

"Ni dogo tu."

"Nimechoka," nikasema. Sikuwa nimewahi kulitamka neno hilo mbele yake. Nilikuwa nalitamka jikoni. "Si lile la nyuma. Nimechoka na yote. Na wewe wakati mwingine."

Nikatamani niyarudishe maneno yangu.

"Mimi nimechoka kukutazama ukifanya," akasema. "Kesho usiamke kwa ajili ya maji ya tangi. Nitabadilisha mimi."

"Kwa mkono upi?"

"Huu uliopo."

Asubuhi nilimsikia akiburuta ndoo. Nikasikia maji yakimwagika, kisha akitukana, kisha yakimwagika tena. Nilifumba macho kwa nguvu nikabaki kitandani. Nilipotoka, sebule nzima ilikuwa bwawa, zulia linaelea pembeni, naye amekaa sakafuni amelowa hadi kifuani, nusu ya maji ikiwa tangini.

"Leta dekio," akasema.

Nikaleta mawili.