Maziwa ya Kuuza

Godana Kanchoro wa Burat hatii maji kwenye maziwa. Tuanze na sifa, maana mtu ana haki ya kusifiwa kwa lile analolifanya vizuri. Kila asubuhi alipofika mtaa wetu wa Wabera na mitungi yake nyuma ya pikipiki, Zeinab, mwenye hoteli ya chai karibu na msikiti, alidondosha tone moja kwenye ukucha wa kidole gumba. Tone lilisimama, halikutawanyika. "Mashallah," alisema Zeinab, na mitungi ikaingia jikoni. Hicho ndicho kipimo chetu. Tukishaona tone limesimama na muuzaji amevaa kofia safi, tunakunywa na kuwapa watoto. Kumuuliza mtu kama huyo ng'ombe wake wanakula nini kungekuwa utovu wa adabu.

Basi ng'ombe walikula nini? Ukame ulipomaliza majani, Godana alikwenda kwa Kajuju, mfanyabiashara wa nafaka, aliyekuwa na mahindi yaliyonyeshewa ghalani msimu wa mvua uliopita hadi yakaota ukungu wa kijani. Kila mwenye pua alikuwa ameyakataa. Kajuju, mtu asiyependa kuona chakula kikipotea, aliyahamisha kutoka upande wa watu hadi upande wa mifugo, na kwa hatua hizo chache mahindi yakapona.

"Ng'ombe ana matumbo manne," alimwambia Godana. "Moja likishindwa, lingine litamalizia."

Godana akaridhika na elimu hiyo. Ng'ombe wake, ambao hawakusoma, waliyanusa mahindi wakageuza vichwa. Ikabidi yasagwe na kumwagiwa molasi ndipo wakala. Katika biashara yote hii ng'ombe ndiye aliyekuwa mkaguzi pekee, naye alihongwa sukari.

Msidhani Godana hakujua. Afisa wa mifugo alikuja barazani Burat akaeleza kwa lugha nyepesi: ukungu wa mahindi una sumu iitwayo sumukuvu, ng'ombe akiila, inapita mpaka kwenye maziwa, haionekani, hainuki, na kuchemsha hakuiondoi. Inaharibu ini polepole, na anayeumia zaidi ni mtoto. Wengi walisinzia. Godana alisikiliza kuliko wote, na ni yeye peke yake aliyetekeleza ushauri siku hiyohiyo. Alimtenga Guracha, ng'ombe wake mweusi, akawa anampeleka kando ya mto kwenye majani yaliyobaki, na akaamuru nyumba yake inywe maziwa ya Guracha tu. Baba mwenye huruma kiasi hicho ni nadra. Mitungi ya Wabera iliendelea kujazwa na wale wengine.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka leo, kama Godana hangekuwa na mke aliyelelewa vizuri. Tuye alijifungua mtoto wa kiume, na alasiri moja Zeinab akafunga safari hadi Burat kumpongeza. Nyumba ya Mborana kama Godana inaweza kukosa kila kitu, lakini mgeni hatoki bila kuonja maziwa. Siku hiyo Guracha alikuwa hajarudi kutoka mtoni, na kibuyu cha nyumbani, kilichofukizwa moshi kikanukia vizuri, kilikuwa kitupu. Tuye akampa mgeni chai ya rangi.

Zeinab alicheka. "We mke wa Godana! Mitungi imejaa hapo mlangoni, na mimi naletewa chai nyeusi kama mkaa?"

"Nisamehe, Mama Yahye. Ya nyumbani hayajafika."

"Na haya je? Yamekosa nini?"

"Hayo ni ya kuuza."

"Si mimi ndiye mnunuzi? Nimiminie hapa, wacha uchoyo!"

Tuye alimtazama mtoto aliyekuwa akinyonya, kisha akamtazama mgeni. Alikuwa amefundishwa tangu utotoni kwamba mgeni hapewi kile ambacho mwenyeji mwenyewe hagusi.

"Mama Yahye, hayo sisi hatunywi," alisema kwa sauti ndogo. "Yanatoka kwa wale wa mahindi ya ukungu. Wewe ni mgeni wangu. Siwezi kukupa."

Tumpe heshima yake. Kila alfajiri alikuwa akisaidia kufunga vifuniko vya mitungi hiyohiyo bila kutetemeka mkono, lakini hao walikuwa watu wa Wabera, na mila haisemi lolote kuhusu mtu ambaye hajavuka kizingiti.

Zeinab aliweka kikombe chini. Alikuwa na mjukuu, mtoto wa mwanawe Yahye, aliyeshinda hotelini akinywa maziwa hayo tangu aachishwe ziwa. Alimbusu mtoto mchanga, akaaga, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata hoteli ilikuwa imejaa. Godana akaingia na salaam aleikum yake nzito. Zeinab aliitikia, lakini hakutoa ukucha wa kupimia tone. Alimimina kikombe kikubwa kutoka mtungini, akakiweka mbele yake.

"Kunywa, kaka Godana."

"Nimefunga, mama."

"Leo ni Jumatano, si Jumatatu wala Alhamisi."

"Mtu anaweza kufunga siku yoyote."

Ekaale, mwendesha boda aliyekuwa akichovya mandazi kwenye chai, aliinua kichwa. "Mzee, mimi ni mtu wa kanisa, lakini hiyo shavu yako imejaa nini? Maombi ama miraa?"

Watu walicheka. Zeinab hakucheka. "Mkeo alikataa kunipa haya nyumbani kwako, akasema ni ya ng'ombe wa mahindi ya ukungu. Mimi nakupa hapa kwangu. Maliza kikombe kimoja tu, na nitanunua kwako mpaka nizikwe."

"Mama, ng'ombe ana matumbo manne. Kila kitu kinasafishwa humo."

"Alhamdulillahi. Kunywa basi."

Godana alishika kikombe. Alikiinua mpaka kikagusa ndevu. Kisha akakirudisha mezani kwa uangalifu mkubwa, asimwage hata tone.

Ekaale alisukuma chai yake mbali akasema, "Mama, niletee ya rangi." Meza ya pili ikasema vivyo hivyo. Kabla ya adhuhuri Wabera yote ilikuwa inauliza ng'ombe wa nani anakula nini, swali ambalo miezi yote hiyo lilikuwa linahitaji pumzi moja tu.

Godana alirudi Burat na mitungi imejaa. Akasimama langoni, akafungua kifuniko na kuinamisha mtungi wa kwanza.

"Usimwage hapo!" Tuye alimpigia kelele kutoka mlangoni, mtoto begani. "Kuku watakunywa, na mayai yao tunakula sisi!"

Akasogea karibu na jiko.

"Hapo watoto wanacheza!"

Godana akabaki katikati ya ua na mtungi mikononi, akigeuka huku na huku. Kila asubuhi huko Wabera alikuwa akipata mahali pa kuyamwaga maziwa hayo bila shida yoyote. Kwake mwenyewe hakupaona.