Karani Aliyepima Chumba cha Bi Torvik

Karani wa kata ya Nordby ana mikono mikubwa ya kukamulia ng'ombe, lakini penseli huishika kwa vidole viwili tu, kama mtu aliyeshika kifaranga. Kabla ya kusema neno hukohoa kwanza. Kata yake ni maili sita kwa sita, ina watu mia mbili na kumi na mmoja, naye huwahesabu nyumba kwa nyumba, akifuta viatu mlangoni hata pasipo na tope. Siku hiyo alipiga magoti chumbani kwa mjane Torvik, utepe wa kupimia mkononi, maana mpaka wa kata unapita katikati ya chumba hicho, na mtu huhesabiwa anapolala.

"Tangu mzee afariki umesogeza kitanda karibu na jiko la kuotea moto," alisema. "Sasa unalala kata ya Gilchrist, mama."

"Gilchrist! Akina Torvik tumehesabiwa Nordby vizazi vinne. Hao wa Gilchrist hata keki ya msiba hununua dukani! Andika Nordby, nani atajua?"

"Nitajua mimi. Siandiki uongo."

Bi Torvik akageukia dirishani, machozi yasije yakaonekana. Mara akasikia miguu ya kitanda ikikwaruza sakafu. Karani alikuwa anakisukuma kwa bega, uso umemwiva, hadi kikagota ukuta wa mashariki, upande wa Nordby. Akapima. Akapima tena.

"Leo utalala hapa?"

"Nitalala, hata nikiganda."

"Vaa soksi," akasema, akaandika: Nordby, mtu mmoja.