Mapazia ya Bandi

Mapazia ya chumba chetu hayajawahi kupita kwenye cherehani. Siku tuliyohamia, Shangazi aliyapiga bandi tu, zile nyuzi ndefu za mkono ambazo fundi hushikizia kitambaa kabla ya kukishona. "Tukipata uraia tutahamia nyumba ya maana," alisema. "Ya nini kujisumbua?" Mimi nilikuwa mdogo. Sasa nimempita kimo, na bandi ni zile zile.

Shangazi ni fundi wa kola kwenye karakana ya sare za shule. Kola zake hukaa shingoni kama zimeota hapo. Lakini akialikwa harusi, jibu lake ni bado. Kikao cha wapangaji, bado. Chama cha mafundi, "Acha kwanza nipate karatasi, nisije nikaonekana najitia mwenyeji." Mpiga pasi, ambaye meza yake inatazamana na ya Shangazi, akambandika jina: Bi Bado.

Mwaka huu ikatimia miaka inayotakiwa kabla ya kuomba uraia. Akavaa gauni lake zuri, akaenda ofisi ya uhamiaji, akarudi uso umemshuka.

"Wanataka wadhamini wawili, raia, watu wanaonijua vizuri." Akajitupa kitandani na viatu vyake. "Hebu niambie, nani ananijua?"

Nikawaza, sikumpata mtu. Miaka yote hiyo alingoja awe mwenyeji ndipo azoeane na watu, na sasa anaulizwa amezoeana na nani.

Kesho yake nilimpelekea chakula karakana. Nikamkuta mbele ya mpiga pasi, anakunja na kukunjua tepu ya kupimia.

"Kaka, nina shida. Naomba unidhamini."

Mpiga pasi akaisimamisha pasi. "Dada, wataniita waniulize habari zako. Niwaambie nini? Kwamba unajua kola? Mimi sijui hata kama una ndugu."

"Huyu hapa, mtoto wa kaka yangu."

"Kumbe! Kila siku analeta chakula, nikajua ni bubu anayetumwa na mama ntilie."

Karakana nzima ikacheka. Nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

"Basi umekataa," Shangazi akasema.

"Nani kakataa? Nimekataa kusema uongo tu. Njooni nyumbani Jumapili. Mke wangu ana maswali kuliko hiyo ofisi."

Nikaona midomo ya Shangazi inajiandaa kusema "bado". Akalimeza.

"Saa ngapi?"

Tulikwenda Jumapili ile, tukaenda na nyingine, na nyingine. Mkewe alichimba mpaka habari za meno ya babu. Na Shangazi akacheka kile kicheko chake cha kupiga mapaja, ambacho nilidhani tulikiacha tulikotoka. Mwishowe mume na mke wote wakatia sahihi.

Ofisi ikasema ngojeni majibu. Hawakusema mpaka lini.

Nikajua tumerudi kule kule kwenye bado. Lakini jioni hiyo Shangazi alipanda juu ya stuli, akashusha mapazia.

"Shangazi, tunahama?"

"Tuhamie wapi? Mke wa mpiga pasi anakuja Jumamosi. Akikuta bandi, fundi mzima mimi, uso nitauweka wapi? Nipe uzi wa buluu."

"Na wakikataa?"

"Tutaomba tena. Wadhamini si ninao?"

Akaketi kwenye cherehani yake ya pembeni mwa kitanda, akaanza kukanyaga. Nami nikashika ncha ya pili ya pazia, lisiburuzike chini.