Mpishi Aliyeshitakiwa kwa Unene

Walimfukuza kazi kwa sababu alinenepa. Hapakuwa na nyama iliyopotea wala shahidi aliyemwona akifungasha kitu. Ushahidi ulikuwa mashavu yake. Wifi yangu, mpishi wa shule ya bweni ambaye wanafunzi walimwita Upawa, aliumuka uso na tumbo, na mkuu wa shule akatoa hukumu mbele ya wafanyakazi wote: "Tumemkabidhi fisi bucha."

Hakuna aliyejisumbua kuitazama mikono na miguu yake, iliyokuwa ikikonda, wala michubuko iliyozuka kila alipojigonga mezani. Nilimpeleka kwa daktari wa homoni. Vipimo vilionyesha mwili uliofurika kortisoli, homoni inayoweza kumnenepesha mtu asiye mlafi. Tulishangilia mapema mno. Picha ya kichwa, ambako daktari alishuku chanzo, haikuonyesha uvimbe wowote, na mkuu wa shule alipoarifiwa akacheka: "Kichwa kizima! Basi mkosaji ni tumbo."

Daktari hakukubali. Uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, alisema, huweza kuwa mdogo hata ukaikwepa picha. Huenda pia chanzo kilikuwa kifuani. Iliyobaki ni kuihoji damu yenyewe.

"Wifi, na wakikosa tena?" aliniuliza akiwa kitandani, akisubiri kuingizwa chumba cha kipimo.

"Basi utakiri uliila ile nyama, nami nidai fungu langu."

"Mlafi wewe! Ndiyo maana kaka yangu hashibi kwenu."

"Dada, usinichekeshee mgonjwa," muuguzi akanikemea, akasukuma kitanda.

Mle ndani, mirija miwili laini ilipitishwa kinenani hadi kwenye mishipa inayopokea damu ya tezi hiyo, kushoto na kulia. Damu ilichotwa huko na mkononi kwa wakati mmoja, kisha tena baada ya sindano ya kuichokoza tezi. Hoja yake ni nyepesi: homoni inayoamuru kortisoli ikijaa kichwani kupita mkononi, chanzo kiko kichwani. Upande wa kulia ilizidi ya mkononi zaidi ya mara kumi.

Mgala muue na haki umpe. Uvimbe ulitolewa kupitia puani, na uso wake ukarudi taratibu. Shule iliyomtukana hadharani ilimwomba radhi faraghani, ikamsihi arudi. Alikataa.

Tangu tarehe 9 Januari 2023 yeye ni mpishi mkuu wa chuo cha ualimu.