Homa ya Audax Haikuwa Malaria

Audax wa Butihinda alianguka kutoka paa la jirani akipanga vigae, akavunjika uti wa mgongo. Miguu yake haikufanya kazi tena. Alikuwa na miaka thelathini na minne, amerudi kutoka Tanzania alikokulia. Alijifunza kutengeneza baiskeli akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na kutoa mkojo kwa sonde, mpira mwembamba ambao mkewe Kasilda aliusuuza kwenye ndoo.

Mwaka jana alipimwa kibofu kwenye kliniki moja ya Gitega. Waliingiza mpira, wakajaza maji, mashine ikasoma presha ya kibofu. Baada ya siku tatu akashikwa na homa kali nyumbani. Kasilda akamnunulia dawa ya malaria.

Mwaka huu walirudi kwa kipimo cha pili. Muuguzi Anisia akachovya kijikaratasi kwenye mkojo wake, akakitazama, akavua glavu.

"Papa Audax, leo hatupimi. Mkojo iko na mikrobe, vidudu vya ugonjwa."

"Siumwi, dada. Sisikii kitu."

"We hauwezi kusikia maumivu, mgongo iliumia. Tukijaza maji, mikrobe inaweza kupanda kwenye figo, iingie damu. Mwaka jana walipima mkojo mbele ya kujaza maji?"

Hakuna aliyepima. Kasilda akamgeukia mumewe.

"Ile homa," alisema. "Mimi nilikuwa nakupa dawa ya malaria."

Audax akasogeza kiti karibu na Anisia. Akamkumbuka Fredi wa Buhinyuza, aliyepimwa kibofu siku moja na yeye kwenye kliniki hiyo. Wiki mbili baadaye alizikwa. Walisema malaria.

"Na Fredi aliyekufa, naye ilikuwa hivyo?" akauliza.

"Siwezi kujua, Papa."

Audax alimeza dawa alizoandikiwa na daktari, wakakaa mtaa wa Yoba, hapo hapo Gitega, kwa binamu wa Kasilda. Mkojo uliposafika, alipewa kidonge cha kuzuia mikrobe, akapimwa, kibofu kikatolewa maji yote kwa sonde mpya. Akaambiwa anywe maji mengi na apime joto siku tatu. Homa haikuja. Kasilda akaanza kunawa kwa sabuni kabla ya kugusa sonde yoyote.

Wakirudi nyumbani Butihinda, mkoani Muyinga, walipitia Buhinyuza kwa Jovina, mjane wa Fredi. Audax alikunywa chai, akauliza habari za watoto, akaaga.

"Mbona hukumwambia?" Kasilda aliuliza njiani.

"Ningemwambia nini? Hata Anisia hajui."