Diski Mbili za Mbele

Baba yangu aliweka chini tezo yake ya kuchongea mbao kwa sababu ya diski mbili za breki. Nikiwaambia watu hivyo hapa Mombasa hunicheka, kwani baba alikuwa fundi wa mashua wa kisiwa cha Chula, pwani ya Somalia, na Chula hapakuwa na gari hata la dawa. Chombo cha baharini nacho hakina breki. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na mimi niliyezibeba diski hizo mapajani nina haki ya kusimulia.

Gari lilikuwa la kaka yangu, mkubwa wangu, makanika wa Kismayo. Alimfanyia kazi Mtaliano mmoja, mhandisi wa mashamba, na yule bwana alipoona nchi inachafuka alipanda ndege akamwachia gari lake la spoti: jekundu, viti viwili, tumbo nusura liguse barabara. Watoto wa mtaa walilifananisha na taa, yule samaki mpana anayejilaza mchangani. Mimi nililiita upuuzi. Watu wenye ukoo kama wetu wampakie nani katika viti viwili? Kaka aliendelea kulifuta vumbi kama mtu anayempangusa mtoto pua.

Serikali ilipoanguka Mogadishu, bunduki zikaanza kuteremka kuja kwetu. Leo wanaingia hawa, kesho wanawatoa wale, na sisi Wabajuni tusio na bunduki wala wa kututetea tukaporwa na wote kwa zamu. Baba alikuwa Chula, anamalizia mashua ya mashini, pana, isiyo na mlingoti, ya kutuchukua sisi na majirani hadi Kenya. Mbao zilishafungwa, kalafati ya kuziba nyufa imeshatiwa. Kilichokosekana ni hiyo mashini yenyewe.

Mfanyabiashara mmoja wa Kismayo alikuwa na mashini ya dizeli ghalani mwake, na jicho lake lilikuwa kwenye gari la kaka. Wakakubaliana kubadilishana. Lakini siku alipolijaribu alirudi amekunja uso.

"Waryaa, gari lako kukimbia linajua. Kusimama ndiko halijui. Nitengenezee fareeno, mashini ni yako."

Fareeno ndiyo breki, neno tuliloachiwa mjini na Wataliano. Basi safari yetu yote ikaning'inia hapo.

Kaka akafungua magurudumu ya mbele akatuonyesha. Diski zilikuwa zimelika hadi ukingo umeinuka kama wa sahani, na pedi zimeisha kabisa, chuma kinakwaruza chuma. Alisema hazitengenezeki. Zinunuliwe mbili mpya, kulia na kushoto kwa pamoja, na pedi mpya vilevile, maana pedi kuukuu huiharibu diski mpya. Lakini wapi? Maduka ya spea ya Kismayo yalikuwa yamebaki milango tu, na mengine hata milango iliondoka. Palikuwa na nahodha wa ukoo wetu anayekwenda Mombasa, mtu mwema ila hajui tofauti ya breki na honi.

Hapo ndipo baba alipoingia. Aliichukua diski moja kuukuu akaenda nayo Chula, akarudi na diski ya mti. Namaanisha hivyo hasa: ya mti wa mkoko, imechongwa kwa tezo na kusuguliwa, upana ule ule, kina cha kofia ya katikati kile kile, matundu ya bolti mahali pake. Diski kuukuu yenyewe ilirudishwa garini, gari liweze kuhamishwa waporaji wakija. Mafundi wa mashua hawafanyi kazi bila kigezo. Baba hakuona kwa nini gari lifanyiwe kazi kienyeji.

Nahodha alitusimulia baadaye jinsi alivyochekwa Mombasa. Muuza spea aliwaita majirani waje waone diski ya mti. Kisha akaacha kucheka, akaanza kuzipangusa diski zake kwa kitambaa na kuipachika juu yake moja baada ya moja mpaka ikakaa sawasawa. Ila ikakaa sawasawa kwenye aina mbili, na pedi nazo zikawa za aina mbili, kwa hiyo nahodha, mtu wa tahadhari, akaleta zote.

Tukazitandaza mkekani, nyumbani kwa kaka. Diski za kwanza zilikuwa laini, uso mtupu. Za pili zilikuwa zimetobolewa vijitundu kotekote, nzuri kweli, na kaka alizitazama kwa macho ya bwana harusi.

"Hizi ndizo za spoti," akasema. "Matundu hutoa joto."

"Mimi maisha yangu yote naziba matundu," akasema baba. "Wewe wanunua chuma kilichotobolewa?"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Kaka alieleza pedi pia: zile ngumu, za watu wa mashindano, haziumi vizuri mpaka zipate moto, zile laini huuma tangu mguso wa kwanza, ila huisha upesi. Baba akauliza mjini Kismayo breki ingepata wapi moto, kwenye barabara ambayo kila hatua kuna shimo au mbuzi. Kaka akacheka. Mwishowe akachagua diski laini na pedi laini, akasema kwa sauti ya huzuni kidogo kwamba gari ni la kutoa, si la kuringia. Nilimpenda sana kwa neno lile. Baba naye alifurahi kupita kiasi, akajiona kashinda.

Mashini haikuwa tayari. Mfanyabiashara alikuwa ameificha nje ya mji, akataka siku za kuileta. Na kwa kuwa wiki ile nyumba za mtaa wetu zilikuwa zikipekuliwa, kaka alimpa baba diski azihifadhi Chula, katika banda lake la kazi. Pedi, ambazo ni ndogo, alizificha mwenyewe ndani ya gunia la unga.

Nami nilikuwa Chula siku zile. Asubuhi ya pili baba alizifunua diski akaguta kama aliyeumwa na nge. Zilikuwa zimeshaanza wekundu. Chuma kile ukikilaza karibu na bahari hakingoji. Na baba, kama kuna kitu alichokichukia kuliko watu wenye bunduki, basi ni kutu. Vyombo vyake vyote, tezo, msumeno, keekee, alivipaka sifa, yale mafuta ya ini la papa tunayopaka mashua. Akazisugua diski zile wekundu ukatoka, kisha akazipaka sifa, nje, ndani, ukingoni, mpaka zikang'aa kama dagaa. Nikazifunga katika kanga yangu, nikapanda nazo boti hadi Kismayo.

Nani angesikia harufu? Sisi tuliolala na kuamka na sifa, iliyomo katika nguo, katika nywele, katika chai ukiwa na bahati mbaya? Kaka alizipokea, akaona zinang'aa, akadhani ndio upya wenyewe. Maisha yake yote alikuwa akifunga diski zilizochomolewa kwenye magari mengine. Mpya za dukani hakuwahi kuzifunga. Akazifunga mbio mbio, milio ya bunduki ikisikika upande wa uwanja wa ndege.

Alipolizungusha gari mtaani alisema breki hazishiki sana.

"Ni mpya," akatuambia. "Diski na pedi hazijazoeana. Zikisuguana kidogo zitaelewana."

Mfanyabiashara alitungoja chini ya mteremko wa kwenda ufukweni. Mimi na baba, aliyevuka kuja kuipokea mashini, tulisimama naye. Kaka akateremka na gari, jekundu, limeoshwa, na nakiri siku ile hata mimi niliona uzuri wake. Nikaona kichwa chake kinakwenda mbele na nyuma, anakanyaga, anakanyaga tena. Kisha akavuta breki ya mkono. Gari likajizungusha, likajibamiza ubavu kwenye ukuta wa ghala la chumvi.

Mguu wake ulivunjika chini ya goti. Mfanyabiashara alilitazama gari, akatutazama sisi, akaenda zake, nami simlaumu.

Siku ile ile nahodha wetu aliondoka na boti yake kwenda Ras Kamboni na kutoka hapo Kiunga, upande wa Kenya, akatupakia. Tulipita Chula kuchukua watu. Baba aliruka, akaenda kwenye mashua yake, akang'oa ubao mmoja wa juu, akauchonga kwa tezo vipande viwili vya kumfungia kaka mguu. Halafu akaifunga tezo katika gunia. Mashua tuliiacha pale pale juu ya magogo, ina pengo la ubao mmoja.

Ndani ya boti niliifunua kanga yangu kumfunika kaka, nikaona doa kubwa la mafuta. Nikaelewa. Nikamwinamia sikioni nikamwambia. Jasho la maumivu likimtoka, akasema:

"Usimwambie mchu yeyote. Sema nilichagua vibaya."

Basi ndivyo tulivyosema. Katika kambi ya wakimbizi, na baadaye Mombasa, kaka akawa yule mtu aliyechagua breki mbovu. Wajomba walimtania: akienda sokoni walimwambia asichague yeye nazi. Watu wema walisema ajali haina kinga. Yeye alicheka pamoja nao, akichechemea. Mimi ulimi wangu hauna subira, na kuufunga kwa jambo lile kulinichoma. Lakini nilimwangalia baba, mzee aliyeacha mashua juu ya magogo, nikasema moyoni kwamba hili asibebe.

Baba hakufanya kazi tena. Mafundi wa bandari ya kale walimjua kwa jina, wakaja kumwita mara kwa mara. Akawajibu macho yamechoka. Macho yale yale yaliona mbu ukutani. Mlango wetu ulipolegea bawaba alikaa akiutazama mpaka nikamwita seremala wa kulipwa. Gunia la tezo lilikaa chini ya kitanda chake. Tulidhani ni ugeni, ni uzee, ni mashua ile. Nilianza kumwogopea. Mtu aliyekuwa akigombana hata na misumari akawa anasema haya, haya, kwa kila kitu, na mimi niliyajua maneno hayo. Mama alikuwa akiyasema miezi yake ya mwisho.

Kisha kaka akapata kazi ya kukaa, duka la spea. Siku zake za kwanza nilimpelekea chakula cha mchana, nikamkuta anamhudumia mteja mwenye gari dogo la spoti, anamweleza mambo yale yale: kulia na kushoto kwa pamoja, pedi laini kwa mtu wa mjini, hayo matundu ni ya nini kwako. Mteja akachagua, akasema ataleta gari kesho. Kaka akafungua boksi akague. Ndani ya karatasi diski ilikuwa imelowa mafuta.

"Hii imemwagikiwa," akamwambia tajiri wa duka.

"Imemwagikiwa na nini? Zote huja hivyo. Kiwanda huzipaka zisishike kutu baharini. Wewe unapangusa kwa petroli, ndipo unafunga."

Kaka aliketi. Alicheka, halafu machozi yakamtoka, na mteja akatutazama kama watu waliopagawa. Miaka yote ile alikuwa amelibeba kosa la baba, kumbe kosa lilikuwa lake kweli. Baba alifanya kile kile wanachofanya wenye viwanda. Kilichobaki kilikuwa kitambaa na petroli kidogo, na hiyo ni kazi ya makanika.

Aliomba ruhusa aondoke na diski moja hadi asubuhi. Tukaiweka mbele ya baba, barazani. Kaka akasema yote, bila kuzunguka, sifa na kanga na uongo wetu.

Baba alipitisha kidole juu ya diski. Akakinusa.

"Mlidhani siyui?" akasema. "Pale ukutani gurudumu lilitoka moshi. Ulinuka papa aliyeungua. Nikasema, mikono hii imemvunda mwanangu mguu. Mikono hii isishike chuma tena." Akatutazama kwa zamu. "Nanyi mukanidanganya, nami nikawawata mudanganye, maana niliona haya."

Kaka alimshika mikono yote miwili, kitu ambacho wanaume wa kwetu hawakifanyi, akamwambia, "Baba, hukukosea. Mimi ndimi sikupangusa."

Baba akauchomoa mkono mmoja. Akakinusa kidole tena.

"Mafuta gani haya, hayana hata harufu? Ndiyo maana mjinga huyasahau." Kisha, kwa sauti ndogo, "Hata wao hupaka?"

"Hata wao, baba."

Asubuhi kaka alirudisha diski dukani. Nilikuwa nikifagia nilipomsikia baba ananiita kwa ile sauti yake ya zamani, ya ugomvi. Nilimkuta ameketi sakafuni, gunia limefunguliwa mapajani. Tezo ilikuwa nyekundu tupu. Yeye ambaye hakuvumilia kutu ya usiku mmoja alikuwa amelala juu ya hii miaka yote hiyo.

"Wangoja nini?" akanifokea. "Enda bandarini, kaniletee sifa."